Maswali ya Wasomaji: Dira ni ya Miaka Ishirini, Fungu ni la Mwaka Mmoja

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji waulize lolote kuhusu namna halmashauri ya jiji inavyopanga malengo ya muda mrefu na kuamua fedha ziende wapi kwanza. Barua nane zinajibiwa hapa, zikiwa zimefupishwa bila kugeuzwa maana. Majibu ni ya mwandishi wa safu hii, ambaye aliwahi kuhudumu katika idara ya mipango ya halmashauri moja, na kwa hiyo baadhi ya lawama anazozielekeza kwa watumishi wa idara hizo anajielekezea mwenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, jiji letu lilizindua dira ya miaka ishirini kwa shangwe, na kitabu cha rangi kikagawiwa kwa wakazi. Mwaka uliofuata nilipata nakala ya bajeti, nikayatafuta yale yaliyoandikwa kwenye kitabu, nisiyaone. Malengo hayo hupangwaje, na ni nini kinachoyaunganisha na fedha?

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea kusoma. Kwenye makaratasi lengo la jiji hushuka kwa ngazi. Juu kuna dira ya miaka ishirini au zaidi. Chini yake kuna mpango mkakati wa miaka mitano hivi. Kisha yapo makadirio ya muda wa kati, ambayo mara nyingi huwa ya miaka mitatu na husogezwa mbele kila mwaka. Na mwisho ni bajeti ya mwaka mmoja inayopitishwa na baraza la madiwani. Kabla ya yote hayo hufanywa tathmini ya hali ilivyo: wakazi ni wangapi na wanaongezeka au wanapungua kwa kasi gani, mabomba yana umri gani, maeneo gani hufurika, mapato yanategemea nini. Tathmini hiyo ikifanywa kwa uvivu, kila kinachofuata huwa ni kubahatisha kwa lugha nzuri.

Tatizo ni kwamba kila ngazi ina wenyewe. Dira huandikwa na wapangaji pamoja na washauri wa kukodi, mpango mkakati huandikwa na wakuu wa idara, na bajeti huandaliwa na watu wa fedha wakiwa wamebanwa na ukomo waliopewa na tarehe ya kuwasilisha. Aghalabu makundi haya hayaketi meza moja. Tena bajeti ya mwaka haianzi kwa kufungua kitabu cha dira. Inaanza kwa kufungua jedwali la mwaka uliopita, kila mstari ukaongezwa kidogo, na panapotokea upungufu mistari michache ikanyofolewa. Nimefanya hivyo mwenyewe, saa tano usiku, siku moja kabla ya kikao cha kamati ya fedha, na nakiri kwamba dira ilikuwa kabatini.

Kiungo kinachofaa ni kazi ya kikarani isiyo na shangwe yoyote. Kila lengo hupewa namba, na kila kifungu cha matumizi hubeba namba ya lengo kinalolitumikia, ili mtu yeyote aweze kujumlisha na kuona lengo la tatu limepata kiasi gani mwaka huu, na lengo lililotelekezwa lijulikane kwa sifuri yake. Lakini namba hizo lazima zitangulie maombi ya fedha. Zikibandikwa baadaye, huwa ni mapambo. Niliwahi kuona ununuzi wa viti vya ukumbi wa mikutano ukipewa namba ya lengo la usafiri endelevu, kwa hoja kwamba kamati ya usafiri huketi humo.

Jiji la Curitiba nchini Brazil hutajwa mara nyingi kwa sababu kule uzi haukukatika kirahisi. Mwaka 1965 lilianzisha taasisi yake ya mipango miji, mwaka 1966 likapitisha mpango kabambe, na mwaka 1974 mabasi ya haraka yakaanza kupita katika njia zake maalumu. Kilichosaidia si ubora wa maandishi peke yake. Sheria ya matumizi ya ardhi iliruhusu majengo marefu kandokando ya njia zile zile ambako fedha za barabara na mabasi zilikuwa zinaelekezwa, na taasisi iliyoandika mpango ilikuwa bado ipo wakati wa kuutekeleza.

SWALI: Kila mwaka tunaambiwa makusanyo yamepanda, na kila mwaka tunaambiwa hakuna fedha. Zinakwenda wapi?

JIBU: Zinakwenda mahali zilipokwisha kuahidiwa kabla diwani hajafungua mdomo. Kuna mishahara, michango ya pensheni, marejesho ya mikopo, mikataba ya kuzoa taka, umeme wa taa za barabarani na mafuta ya magari. Kuna pia ruzuku za serikali kuu zenye masharti, ambazo huhesabiwa kuwa mapato ya jiji ingawa jiji haliwezi kuzihamishia kwingine. Ukiviondoa vyote hivyo, kinachobaki kwenye meza ya baraza ni kipande chembamba, na mjadala wote wa vipaumbele unaousikia redioni unahusu kipande hicho. Makusanyo yakipanda huku mishahara na bei za mafuta nazo zikipanda, kipande hakinenepi.

Lipo jambo jingine linalokula fedha kimyakimya, nalo ni gharama ya kuendesha vitu vilivyokwisha kujengwa. Chukua zahanati. Fedha za ujenzi huonekana mara moja, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kuanzia asubuhi inayofuata zahanati hiyo inahitaji wauguzi, mlinzi, maji, umeme, dawa, na baada ya miaka michache paa linahitaji kurekebishwa. Mahitaji hayo hayakomi, nayo huangukia kwenye matumizi ya kawaida, si kwenye fungu la maendeleo lililoijenga. Halmashauri inayopitisha majengo matano kwa mwaka bila kuandika popote yataendeshwa kwa shilingi, dola au pesa gani imekwisha kupanga bajeti za mabaraza yajayo bila kuyauliza.

Na bajeti ikibana, cha kwanza kukatwa ni matengenezo, kwa sababu hakuna anayekatiwa utepe wa bomba lililozibwa ufa. Deni hilo halionekani kwenye vitabu vya benki, lakini ni deni. Detroit, nchini Marekani, lilikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85 mwaka 1950. Lilipowasilisha maombi ya kufilisika mwezi Julai 2013, wakazi walikuwa wamebaki karibu 700,000, na madeni yalikadiriwa kufikia dola bilioni 18. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia kuondoka kwa viwanda hadi mizigo ya pensheni, lakini mojawapo ni hii: watu wakihama, urefu wa barabara, mabomba na nyaya za taa haupungui pamoja nao.

SWALI: Nasikia miradi hupewa alama. Hizo alama hutolewaje, na kuna haki ndani yake?

JIBU: Hutolewa kwa jedwali, na haki yake inategemea ukurasa ambao kwa kawaida hauambatanishwi. Nitakuonyesha kwa mfano wa kubuni.

Tuseme jiji lina fedha za mradi mmoja tu, na miradi iliyo mezani ni miwili: mfereji wa maji ya mvua katika eneo linalofurika, na jengo la kisasa la kituo cha mabasi. Vigezo ni vitatu, kila kimoja kikiwa na alama kuanzia 1 hadi 5. Kwenye usalama wa watu, mfereji unapata 5 na kituo 1. Kwenye idadi ya watakaonufaika, mfereji unapata 3 na kituo 4. Kwenye utayari, yaani kama michoro imekamilika na kiwanja kina hati, mfereji unapata 2 na kituo 5. Sasa kila kigezo hupewa uzito. Usalama ukipewa uzito wa 5, wanufaika 3 na utayari 2, mfereji unapata jumla ya 38 na kituo 27. Geuza uzito wa usalama uwe 2 na wa utayari uwe 5, bila kugusa alama hata moja, na mfereji unashuka hadi 29 wakati kituo kinapanda hadi 39.

Umeona kilichotokea. Hakuna aliyedanganya, na wataalamu wametoa alama zao kwa uaminifu. Aliyepanga uzito ndiye aliyechagua mradi. Kwa sababu hiyo uzito wa vigezo ni uamuzi wa kisiasa kwa maana nzuri ya neno hilo. Unapaswa kupitishwa na madiwani hadharani, na upitishwe kabla orodha ya miradi haijawafikia, kwa kuwa ukiisha kuijua orodha ni vigumu kuusahau mradi wa kata yako. Ni vyema pia kujihadhari na kigezo cha utayari. Kinasikika cha busara, lakini huwapendelea waliokwisha kuwa na fedha za kulipia upembuzi yakinifu na michoro, na hivyo maeneo yaliyosahaulika huendelea kusahaulika kwa sababu ya kusahaulika kwao. Halmashauri makini hutenga fungu dogo la maandalizi kwa ajili ya maeneo hayo, ili mwaka unaofuata nayo yawe na karatasi za kushindania.

Kuna halmashauri zinazokwepa mzozo wote huu kwa kugawa fedha za maendeleo sawasawa kwa kila kata. Naielewa sababu yake, maana huleta amani kikaoni. Lakini mtaro wa maji haujui mipaka ya kata. Ukijengwa mita mia mbili hapa kwa fungu la kata moja na kuishia mpakani, maji yote yatakusanywa vizuri na kupelekwa kwa jirani.

SWALI: Ni nani hasa anayeamua, madiwani au wataalamu?

JIBU: Kisheria, baraza. Kiutendaji, yule anayeandaa orodha fupi. Diwani anaweza kukataa kilichomo kwenye makabrasha, lakini ni nadra aulize kilichoachwa nje, kwa kuwa hakuna karatasi inayomwambia. Baraza linalotaka kutawala kweli lidai kiambatisho cha miradi iliyokataliwa, kila mmoja na sababu yake kwa mstari mmoja.

SWALI: Halmashauri yetu inafikiria kukodisha kwa miaka mingi chanzo kimojawapo cha mapato ili ipate fedha za kutekeleza mpango wake sasa hivi. Wengine wanapendekeza mkopo. Tufuate ipi?

JIBU: Siwezi kulijibia jiji ambalo sijaona vitabu vyake, lakini naweza kukueleza mahali ambapo miji mingine ilijikwaa.

Kuhusu mkopo, kanuni ya wahasibu ni nyepesi kuielewa na ngumu kuishika: kopa kwa ajili ya kitu kitakachoishi kuliko deni lake. Baada ya uvundo mkubwa wa mto Thames mwaka 1858, London ilijenga mfumo wa majitaka kwa fedha za mkopo, chini ya mhandisi Joseph Bazalgette. Waliolipa deni hilo miaka mingi baadaye walikuwa wanautumia mfumo huo kila siku, na sehemu kubwa yake bado inafanya kazi. New York ilifanya kinyume. Kwa miaka kadhaa ilikopa mikopo ya muda mfupi ili kulipia matumizi ya kila siku, na baadhi ya matumizi hayo yakaingizwa hata kwenye bajeti ya maendeleo, hadi mwaka 1975 mabenki yalipokataa kuendelea kuikopesha na serikali ya jimbo ikaunda chombo cha kusimamia fedha za jiji. Madiwani walibaki na viti vyao, lakini vipaumbele vikawa vinaidhinishwa na watu wengine.

Kuhusu kukodisha, soma habari za Chicago. Mwezi Desemba 2008 baraza la jiji hilo liliidhinisha, kwa kura 40 dhidi ya 5, kuwakabidhi wawekezaji mita za maegesho zipatazo 36,000 kwa miaka 75, kwa malipo ya dola bilioni 1.15 hivi. Madiwani walikuwa wamepewa siku chache tu kuupitia mkataba. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji alieleza kwamba haki hiyo ilikuwa na thamani inayozidi malipo hayo kwa karibu dola bilioni moja, na sehemu kubwa ya fedha zilizopokelewa ilitumika ndani ya miaka michache kuziba mapengo ya bajeti. Wengi huishia hapo, kwenye bei. Mimi huona kifungu kingine kuwa kizito zaidi: jiji likiondoa maegesho yanayolipiwa, kwa mfano ili kupitisha njia ya mabasi au ya baiskeli, linawajibika kumfidia mwekezaji. Kwa hiyo hadi mwaka 2083 kila baraza litakalochaguliwa Chicago litapanga matumizi ya barabara zake likiwa na mtu wa tatu mezani. Waliopiga kura ile hawakukodisha mita peke yake; walikodisha sehemu ya uamuzi wa watu ambao hawajazaliwa.

Ukihudhuria kikao cha halmashauri yenu, basi, usiulize tu tutapata kiasi gani. Uliza ni uamuzi gani tutakaokuwa hatuna tena mamlaka nao, na kwa miaka mingapi, kisha uombe jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

SWALI: Meya mpya akiingia, mpango wa mtangulizi wake hutupwa. Inawezekana lengo likaishi kuliko aliyeliweka?

JIBU: Inawezekana, hasa pale wakazi wanapokuwa wamekwisha kuonja matokeo. Stockholm ilijaribu tozo ya msongamano wa magari kuanzia Januari hadi Julai 2006, na magari yanayoingia na kutoka katikati ya jiji yakapungua kwa karibu asilimia 20. Mwezi Septemba mwaka huo huo ikafanyika kura ya maoni pamoja na uchaguzi mkuu. Wakazi wa jiji wengi wao wakaunga mkono tozo, lakini uongozi wa jiji na wa nchi ukaangukia kwa wapinzani. Hao wapya hawakuifuta. Waliirejesha kwa kudumu mwezi Agosti 2007, wakabadilisha matumizi ya mapato yake yaelekezwe kwenye barabara. Kila upande ulipata cha kuwaambia wapigakura wake, na lengo likabaki.

Lililo muhimu katika kisa hicho ni kwamba kulikuwa na vipimo kabla na baada. Lengo lililoandikwa kama "kuboresha usafiri" linaweza kufutwa na yeyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kuonyesha limefika wapi.

SWALI: Mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi ina faida yoyote, au ni ya kutimiza wajibu?

JIBU: Mingi ni ya kutimiza wajibu, na unaitambua kwa tarehe: ukiitwa kutoa maoni wiki mbili kabla ya bajeti kupitishwa, umeitwa kushuhudia tu.

Mfano unaojulikana zaidi wa kufanya vinginevyo ni wa Porto Alegre, Brazil, kuanzia mwaka 1989. Jiji liligawanywa katika kanda 16, wakazi wakakutana kila mwaka kupanga mahitaji yao kwa mfuatano, kisha wajumbe waliowachagua wakagawa fungu la uwekezaji kwa kanuni iliyofahamika na wote, iliyozingatia idadi ya watu, ukubwa wa upungufu wa huduma na kipaumbele cha kanda yenyewe. Mwaka uliofuata mkutano ulianza kwa kusoma kilichotekelezwa na kisichotekelezwa. Mitaa iliyokuwa haijawahi kufikiwa na lami wala majitaka ilianza kuvipata.

Utaratibu huo nao ulikuwa na kasoro, na ilionekana mapema. Mkutano wa mtaa hujua vizuri sana bomba gani limepasuka, lakini si mahali pazuri pa kuamua bonde lipi liachwe bila kujengwa kwa miaka thelathini ijayo. Wenyewe waliliona hilo, na mwaka 1994 wakaongeza mabaraza ya mada, kama usafiri na afya, yaliyolitazama jiji zima. Baadaye siasa zilibadilika, fedha zikapungua, na mwaka 2017 utaratibu ukasimamishwa. Nakutajia hilo kwa sababu makabrasha mengi ya semina husimulia mwanzo tu.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina muda na miwani mizuri. Bajeti ya jiji ina kurasa mia nne. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Ruka hotuba ya meya. Anzia kwenye taarifa ya utekelezaji wa mwaka uliopita, kwenye jedwali lenye safu tatu: fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa, na zilizotumika. Fungu linalopitishwa kila mwaka kwa kiasi kikubwa na kutolewa kidogo si kipaumbele, hata kama limeandikwa kwa herufi nene kwenye dira. Kisha tafuta orodha ya uhamisho wa fedha kati ya vifungu, uone ni vipi vilivyonyang'anywa katikati ya mwaka na ni vipi vilivyoongezewa. Huko ndiko vipaumbele halisi hujianika, kwa kuwa wakati huo hakuna mgeni rasmi. Mwisho tazama mstari wa matengenezo kwa miaka mitatu mfululizo, uulinganishe na idadi ya majengo na urefu wa barabara zilizoongezeka katika kipindi hicho. Ukikuta majengo yameongezeka na mstari umebaki vile vile, utuandikie, ukituambatanishia kurasa hizo.